Runinga Bapa, Mapenzi Bapa

Wanaolalamika kwamba kwenye televisheni mwigizaji mnene hupewa kazi ya kuchekesha na mwembamba ya kupendwa hawajui fizikia. Watamtaja Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi cha KBC, aliyependwa nchi nzima bila mizani. Sawa, lakini runinga za enzi zake zilikuwa za kichogo, zenye nafasi nyuma. Za leo ni bapa, na mwigizaji naye sharti awe bapa. Wengine watadai kwamba katika mitaa ya Nairobi kama Kayole na Umoja wanawake wanene huposwa, huolewa na hata kuonewa wivu. Huko ni mtaani, ambako makanga wa matatu ya watu 14 humpatia nafasi abiria wa 15. Mapenzi ya runinga hayana ukarimu huo. Basi, dada wa mtaa wa Jericho, acha chapati, au ungoje kichogo kirudi.