Asifiwe Jirani wa Juu

Wahenga walisema kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Walisema kweli, maana wao walikuwa na mlango tu. Juu ya vichwa vyao palikuwa na makuti, na kwenye makuti mjusi, panya na mvua. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayevaa viatu. Hata wenzetu wa Mji Mkongwe waliotutangulia kupanda ghorofani walijenga kwa adabu: boriti za mikoko zimepangwa zikikaribiana, juu yake mawe ya matumbawe, juu ya mawe chokaa iliyoshindiliwa mpaka ikashikana. Kwenye sakafu ya namna hiyo hata ukiangusha sinia la shaba, aliye chini ataendelea kukoroma. Ndiyo maana washairi wetu, waliosifu majahazi, minazi na wake za watu, hawakupata sababu ya kumsifu jirani wa juu.

Sababu ninayo mimi. Naishi Marzahn, mashariki ya Berlin, katika jengo la zege la enzi za Ujerumani Mashariki, na juu yangu anaishi bwana mmoja ambaye sasa hivi, saa 7 usiku, anahamisha kabati. Nasema kabati kwa kumstahi. Analihamisha kila usiku na sijui linakwenda wapi, kwa kuwa nyumba zetu zinafanana, na ya kwake haina pa kuliweka isipokuwa pale lilipo.

Tuanze na ujasiri wake. Ukutani, karibu na masanduku ya barua, zimebandikwa kanuni za jengo: kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni kimya. Jumapili kutoboa ukuta kwa drili ni marufuku, na ukitupa chupa kwenye pipa la vioo siku hiyo umejitafutia maneno. Katika mtaa mzima ulionyamaza, ni yeye peke yake anayesimama, kwa visigino, kutetea uhai. Saa 4 na dakika 5, wengine wakiwa wamekwisha kumeza hata vikohozi vyao, yeye anaangusha kitu kizito, na kitu hicho kinabingirika. Kinaelekea dirishani, kinasita, kinarudi. Nimekifikiria sana. Chuma cha mazoezi? Chungu? Mtungi mdogo wa gesi? Wapo watu wanaolala wakiwaza madeni. Mimi nimepewa fumbo safi lisilonidai chochote.

Mimi ni mtoto wa Pugu Kajiungeni, na kwetu kelele haishuki, inaingia ubavuni. Inatoka baa ambayo spika zake zimeelekezwa barabarani. Inatoka kanisani kwenye mkesha, msikitini alfajiri, mnadani ng'ombe wanapoteremshwa kwenye malori, kwenye gari la matangazo linalouza dawa ya kunguni. Na mwali akitolewa, inatoka kwenye mdundiko unaopita ukiwa umezoa nusu ya mtaa. Kila kelele ina mwenyewe: unajua baa ya nani na mwali wa nani. Mwaka 2023 baraza la mazingira, NEMC, lilipofunga baa kadhaa kwa sababu ya kelele, sina shaka wapo waliokesha wakigeukageuka, wameshindwa kulala kwa ukimya. Jirani wa juu kwetu unampata bwenini tu. Wangu wa kwanza alikuwa Pugu Sekondari, kwenye kitanda cha dabo deka, kijana mnene aliyekuwa akijibu maswali ya hesabu usingizini, na mengi alikuwa akiyapata.

Kelele nyingine ilitoka relini. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita kwenye vilima vyetu vya Pugu, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Mwaka huohuo wa 1907, hapa Berlin, mfamasia aitwaye Max Negwer alibuni vizibo vya masikio vya nta na pamba, vinavyouzwa mpaka leo kwa jina la Ohropax. Yaani honi walituletea sisi, vizibo wakabaki navyo. Siku hizi Pugu inapita treni ya umeme, iliyoanza safari mwaka 2024, nayo inateleza kwa ulaini mpaka wazee hawaiamini. Vizibo nimevinunua, nakiri ni kitu kizuri kwa redio na mbwa. Kwa visigino havifai kitu, kwa sababu mshindo wa kisigino haupiti sikioni. Unashuka na ukuta, unaingia kwenye miguu ya kitanda, unakufikia mbavuni.

Na kuna kelele ambazo mtu wa Pugu hazifanyii mzaha. Usiku wa 16 Februari 2011 ghala la silaha la jeshi pale Gongo la Mboto, karibu na kwetu, lililipuka. Mabomu yakaanguka juu ya mapaa ya watu, zaidi ya watu 20 wakafa, maelfu wakakimbia gizani kwa miguu, watoto wakapoteana na wazazi wao. Aliyepitia usiku ule, akisikia kishindo juu ya kichwa chake, mwili wake huamka kabla yake. Hapo ndipo ninapompa bwana wa juu heshima ambayo hajui kwamba anayo: kishindo chake ni kishindo tu. Kinaanguka kwake, kinaishia kwake, dari inabaki nzima, nami nageukia upande wa pili.

Lakini sifa yake kubwa iko kwingine, na huenda ni Mtanzania tu awezaye kuionja. Kwetu jirani ni mtu wa karibu, na ukaribu una bei. Jirani wa Pugu akibisha hodi jioni, akaulizia afya za watoto, akausifia mchicha wako wa uani, tazama mkono wake wa kushoto: una kadi. Kamati ya harusi imekwisha kukupangia. Singo elfu hamsini, dabo laki. Na kabla ya harusi kuna kichenpati, kuna sendofu, kila moja na kadi yake na sare yake. Majina yanaanikwa kwenye kundi la WhatsApp, aliyetoa na alichotoa, aliyeahidi na hajatoa, na mweka hazina haruhusu jua lichomoze kabla ya kuituma orodha upya. Hapo sijataja rambirambi, arobaini, kikoba, ulinzi wa mtaa, na yule anayekuja kuazima chumvi akaondoka na mkaa.

Bwana wa juu ananipa ukaribu wote huo bure. Namjua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Najua saa anayoamka kwenda msalani, na kwamba huenda mara mbili. Najua alipopata mafua. Najua kwamba majira ya baridi yaliyopita alikuwa na mgeni mwenye hatua nyepesi, kwamba mwanzoni walicheka sana, kwamba baadaye hatua nyepesi zilikaa sebuleni na hatua nzito zikakaa chumbani, na kwamba asubuhi moja mizigo iliteremshwa ngazini na aliyeiteremsha hakurudi. Kwetu habari kama hizo ningezilipia. Ningeitwa kwenye kikao cha usuluhishi, ningechangia nauli ya wazee, ningelaumiwa na pande zote mbili. Hapa nimeifuata ndoa tangu asali mpaka shubiri bila kutoa hata senti.

Wanaonishauri nipande nikagombane naye hawazijui habari za Arthur Schopenhauer. Mwanafalsafa huyo alikuwa mpangaji hapahapa Berlin, na kelele zilikuwa adui yake. Baadaye aliandika insha nzima ya kuzilaani. Mwaka 1821 alimkuta jirani yake, mama mshona nguo, akipiga soga na wenzake kwenye kiukumbi kilicho mbele ya chumba chake. Akamwambia aondoke. Mama akagoma. Mwanafalsafa akamtoa kwa nguvu, mama akaanguka na kuumia, kesi ikavutana kwa miaka, na mwishowe mahakama ikaamuru amlipe taler 60 kila mwaka kwa muda wote ambao yule mama angekuwa hai. Naye mama akaishi. Akaishi vizuri tu, mwaka baada ya mwaka. Akili yote ile, na mtu akaangukia mchango wa maisha usio hata na sahani ya pilau mwishoni.

Wazanzibari watanielewa upesi kuliko ndugu zangu wa Pugu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wataalamu wa Ujerumani Mashariki walikwenda kusaidia kujenga majumba ya ghorofa Kikwajuni na Kilimani, kisha yakafuata yale marefu ya Michenzani. Watu waliozoea nyumba za chini za Ng'ambo, wenye kinu uani na kuku mlangoni, wakajikuta wana mtu juu na mtu chini. Marzahn ilianza kujengwa mwaka 1977. Kwa hiyo Zanzibar ilipata jirani wa juu kwa msaada wa Wajerumani kabla ya mtaa huu wa Wajerumani kupata wake, jambo ambalo nimejaribu kumweleza msimamizi wa jengo letu akaniuliza kama bomba langu linavuja.

Sheria za hapa nazo zimejaa hekima. Mpangaji anayesumbuliwa kupita kiasi anaweza kupunguza kodi, ila washauri wa wapangaji humwambia kwanza aweke daftari la kelele: tarehe, saa, aina ya sauti, imechukua muda gani. La kwangu nilianza kuliandika kwa hasira. Sasa naliandika kwa mapenzi. "Saa 8.10 usiku: kiti, kwa huzuni." "Saa 8.40: kile kinachobingirika, leo kimefika mpaka jikoni." Tangu niache shule sikuwahi kuandika Kiswahili kila siku, sasa naandika, na kila siku nina habari. Kodi sijaipunguza, na nikipima kwa haki naona ingepaswa kuongezwa. Kwa watoto sheria imekwenda mbali zaidi: tangu 2011 inatamka kwamba kelele zao katika chekechea na viwanja vya michezo, kwa kawaida, zisihesabiwe kuwa madhara. Nasubiri wamfikirie na mzee anayehamisha kabati.

Mambo haya yote yangeendelea kuwa mazuri kama shangazi yangu asingekuja kunitembelea. Alifika na kinu kidogo cha mbao ndani ya begi, amekiviringisha kwa kanga, na jioni ya kwanza akatwanga karanga sakafuni. Bibi wa ghorofa ya chini tangu hapo hunisalimia kwa mkato. Usiku, kabati likaanza safari zake. Shangazi akaketi kitandani.

"Huyo wa juu anaumwa?"

"Hapana, shangazi. Ndivyo alivyo."

"Ana mke?"

"Alikuwa na mtu. Aliondoka kwenye baridi."

"Na wewe ukampelekea nini?"

Nikamweleza habari za daftari. Akaomba alione, akafunua kurasa mbili tatu, akanirudishia bila kusema neno, na kwa shangazi yangu huko ndiko kutukana. Asubuhi akakaanga maandazi, akajifunga kanga, akapanda ngazi. Mimi nikabaki vipandio vichache chini yake. Bwana alipofungua mlango alidhani tumekuja kulalamika, akaanza kuomba radhi kwa Kijerumani cha mbiombio. Shangazi akamjibu kwa Kiswahili cha Pugu kwamba mtu mzima hakai na njaa peke yake, na kwamba kama kuna mzigo unaomsumbua usiku, kijana wake huyu ana mikono. Sijui nani alimwelewa mwenzake, lakini sahani ilipokelewa. Nilichungulia ndani. Kabati halikuwepo.

Tangu siku hiyo mambo yameharibika. Amenunua zulia. Anavaa sapatu za manyoya. Saa 4 usiku juu pametulia kama makaburi ya Kinondoni, daftari langu limekaa wazi halina cha kuandikwa, na ngazini ananisimamisha kunisimulia mgongo wake, kwa kirefu, pamoja na majina ya madaktari. Sahani imerudi ikiwa na keki ya tufaha, kwa hiyo sasa tunadaiwa sisi. Na juzi bahasha imesukumwa chini ya mlango wetu: anatimiza miaka sitini, Jumamosi ataita watu, huenda kukawa na kelele kidogo, anatuomba radhi mapema na anatukaribisha.

Nikamtafsiria shangazi. Akaichukua kadi, akavaa miwani, akaigeuza nyuma, akatafuta namba ya M-Pesa, hakuiona.

"Hawajaandika," akasema. "Singo shilingi ngapi, na dabo shilingi ngapi?"