Kabla Hujampa Fundi Maneno ya Bango

Umepata fremu karibu na shule, mashine ya fotokopi imefika, rimu za karatasi zimepangwa, kaunta buku za kwaya mbili na tatu ziko rafuni. Limebaki bango. Hapo ndipo wengi humwachia fundi kopo la rangi na agizo la mdomo: "Andika steshenari." Usithubutu. Fundi ataandika alichosikia, na Waingereza wana maneno mawili yanayotamkwa sawasawa, yakipishana herufi moja tu.

Stationery, yenye e, ni kalamu, karatasi na bahasha. Stationary, yenye a, ni kitu kilichosimama, hakisogei. Ukiikosea, herufi nyekundu zitatangaza duka lililoganda. Siku umeme ukikatika na foleni ya kopi imefika barabarani, bango litakuwa linasema kweli tupu.

Usiitegemee kompyuta. Maneno yote mawili inayo, kwa hiyo haitakuchorea mstari mwekundu. Wala usitafute msaada kwenye bahasha, karatasi na kalamu. Zimejaa a, zitakupoteza. Shika peni na penseli kwa ile e. Kwa a, shika simama, kwama, ganda.

Kwenye bango utasamehewa, mtaa mzima unajua unauza nini. Proforma, ile ankara ya awali unayopeleka ofisini, ndiyo hatari. Kuna wahasibu wanaotafuta sababu yoyote ya kuchelewesha malipo, na wewe utakuwa umewapa ya bure.

Akitokea mwalimu mstaafu kukunyooshea kidole mbele ya wateja, usinywee. Mwambie maneno yote mawili yana asili moja ya Kilatini, yenye maana ya kusimama. Ulaya ya zama za kati ilikuwa na wachuuzi wa kuzunguka. Muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, mara nyingi jirani na chuo kikuu, ndiye aliyeitwa stationer. Wa London walikuwa na chama chao tangu 1403, kikapewa hati ya kifalme mwaka 1557. Yaani biashara hii ilipata jina kwa kutotembea! Mwenye a hajapotoka sana; amechelewa karne kadhaa tu.

Mwalimu akinyamaza, muuzie rimu. Halafu rekebisha bango, maana mhasibu hana habari na Kilatini. Ukishindwa kabisa, andika "Vifaa vya Shule na Ofisi", ingawa fundi anayetoza kwa herufi atafurahi kuliko wewe.