Mwongozo kwa Asiyetaka Kazi Kamembe

Kuna mtu amekujazia fomu ya maombi. Pengine ni shemeji, pengine mama mkwe, pengine baba amechoka kukuona ukiamka jua likiwa juu ya ziwa. Jina lako limetoka kwenye orodha na sasa unatakiwa ufike Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi, Rwanda, uvae shati lenye kola na ukae mbele ya watu watatu wasiocheka. Kazi yenyewe huitaki, ila ukiikataa waziwazi utaitiwa kikao cha ukoo. Njia ya heshima iliyobaki ni kwenda, kujibu kila swali, na kutochaguliwa. Sisi tunaoketi upande wa pili wa meza tunaifahamu njia hiyo, maana tunawaona watu wakiipita bila hata kuelekezwa.

Anza na safari. Kama unatoka Kigali, panda basi asubuhi ileile ya usaili. Barabara inapita Huye, kisha inaingia msitu wa Nyungwe, na humo lori moja likikwama kwenye kona, saa yako imekwisha. Ukifika adhuhuri na barua inasema saa tatu, sema msitu ndio uliokuchelewesha. Nyungwe imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2023, na haijawahi kumchelewesha mtu aliyelala Kamembe usiku uliotangulia.

Ukiingia utaambiwa, "Tueleze kidogo juu yako." Hapo anzia tumboni mwa mama. Sema ulizaliwa Nkanka, mtoto wa nne kati ya saba, shule ya msingi ulisoma wapi, ukahamia wapi, mwalimu wa darasa la tano alikupendaje. Ukifika sekondari mwenyekiti atakuwa anaangalia saa, na ukifika chuo dakika zako zitakuwa zimeisha kabla hujataja kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako. Swali lenyewe mara nyingi halina alama nyingi. Limewekwa ili upumue, na ili sisi tujue tukuulize nini baadaye. Anayetaka kazi hulitumia kutupa chambo cha swali la pili: "Nimekaa miaka miwili kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikitunza stoo." Sasa tuna pa kushika. Wewe usiyetaka, usitupe pa kushika popote.

Hapa nikueleze siri ya karatasi, ujue vizuri unachokiharibu. Kila mmoja wetu ana karatasi yenye maswali yaleyale kwa kila mtahiniwa, alama pembeni, na nafasi ndogo ya kuandika sababu ya alama hizo. Utaratibu huu si ukorofi wa ofisi. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walipokusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 waliona kwamba usaili wa maswali yaliyopangwa hutabiri utendaji kazini kuliko usaili wa soga. Lakini mtahiniwa huisahau ile nafasi ndogo, na hiyo ndiyo inayoamua. Ukishatoka nje, sisi watatu tunageukiana na kila mmoja anatetea alama alizotoa. Anayekupenda hawezi kusema "nimempenda tu." Anahitaji kitu ulichokisema, chenye mahali, kiasi na matokeo, akisome kwa sauti. Ukimwachia maneno "mchapakazi, mwaminifu, anajituma," umemnyang'anya mtetezi wako silaha, maana wale kumi na mmoja waliokutangulia nao ni wachapakazi, waaminifu na wanajituma.

Kwa hiyo, ukitaka kufeli bila kumkosea mtu adabu, zungumza kwa sifa. Sema wewe ni mtu wa timu. Sema unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Ukiulizwa udhaifu wako, jibu kwamba unafanya kazi kupita kiasi. Kuna msaili ninayemfahamu ambaye jibu hilo sasa analiandika kwa herufi mbili tu, asije akauchosha mkono. Udhaifu wa kweli hatuuogopi. Mhasibu aliyesema alikuwa akichelewa kufunga hesabu za mwezi, kwa hiyo akaanza kuzifunga kila Ijumaa kidogokidogo, alituachia sentensi ya kuandika. Aliyesema hana udhaifu alituachia nafasi tupu.

Majibu ya kukariri nayo yanafaa sana kwa kusudi lako. Siku hizi yamejaa kwenye simu, na nyinyi mnayanywa kwenye chupa moja. Utamsikia kijana wa Gihundwe akisimulia mteja aliyelia kwa shukrani, kisha binti wa Bugarama analeta mteja yuleyule, analia vilevile, kwa sababu ileile. Hadithi hiyo ukiipeleka kama ilivyo, bila jina la duka, bila tarehe, bila kujua mteja alikuwa amenunua nini, umemaliza kazi. Sisi tutakuuliza swali moja la pembeni tu: "Alikuwa anadai nini?" Utatazama dari. Nikiri kwamba wasaili nao wana upuuzi wao. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa Google, alisema mwaka 2013 kwamba yale mafumbo waliyokuwa wakiwauliza waombaji yalikuwa kupoteza muda, na yaliwasaidia zaidi waulizaji kujiona werevu. Kwa hiyo ukiulizwa ndege moja hubeba mipira mingapi, kosa si lako.

Sasa lugha. Kwenye wasifu andika "Kiswahili: bora kabisa." Kila mtu huandika hivyo. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini katika soko la Kamembe na kule Bugarama kilikuwa kinafanya kazi zamani kabla bunge halijakipigia kura. Mwenyekiti akikisoma hicho ulichokiandika, atageuza hapohapo: "Basi tuendelee kwa Kiswahili. Mama ametoka Bukavu, amekasirika, anasema tumemrudishia dola mbovu. Mimi ndiye huyo mama." Wewe jibu, "Nakisikia vizuri, ila kusema ni kizito," kisha urudi kwenye Kinyarwanda. Hutatusumbua tena.

Usijibu kama alivyojibu binti mmoja aliyekuwa anaitaka kazi. Alisimama. Akasema, "Mama, pole, karibu kiti. Nionyeshe hiyo noti. Ee, imechanika hapa pembeni. Ng'ambo hawataipokea, una haki. Nakubadilishia sasa, na nyingine tuzihesabu pamoja kabla hujatoka." Hakutaja huduma bora kwa wateja hata mara moja. Lakini alijua kwamba ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, noti ya dola iliyochanika kidogo inakataliwa, na mtu hajifunzi hilo darasani.

Kama kazi ni ya usafirishaji au ya wakala wa forodha, kuna mtego mzuri nakuonyesha bure. Tutauliza, "Mzigo wa Bujumbura utaupitisha wapi?" Jibu kwa kujiamini kwamba utashuka Bugarama, utavuka mpaka wa Ruhwa, na jioni utakuwa umerudi. Ni jibu zuri kabisa la mwaka 2023. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Kuna aliyetujibu hivyo na kuongeza kwamba yeye huipita njia hiyo kila wiki, tukamshukuru sana. Vivyo hivyo ukiitwa kwenye kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kule Muganza, wamwagie sifa wenye kiwanda wa Afrika Kusini. Kampuni yao, PPC, iliuza hisa zake 51 kwa mia, na tangu mwanzoni mwa 2024 mwenye hisa nyingi ni National Cement ya Kenya. Hakuna atakayekukatiza. Wataandika tu.

Juu ya bosi wako wa zamani, msengenye upendavyo. Rusizi ni ndogo, na mmoja wetu ni binamu yake.

Mshahara unahitaji ufundi kidogo. Ukiulizwa unataka kiasi gani, una njia mbili za uhakika za kupotea. Ya kwanza ni kusema "chochote mtakachonipa," ambayo hutufanya tujiulize ofisi ya zamani ilikuwa inakupa nini. Ya pili ni kutaja laki mbili bila kujua unataja ipi. Laki mbili ya mkataba si laki mbili ya mkononi. Kwa viwango vya sasa, faranga 60,000 za kwanza hazikatwi kodi. Kutoka hapo hadi 100,000 ni asilimia 10. Kutoka 100,000 hadi 200,000 ni asilimia 20. Zaidi ya hapo ni 30. Kodi ya laki mbili inakuwa faranga 24,000. Ongeza mchango wa pensheni wa bodi ya hifadhi ya jamii, RSSB, ambao tangu Januari 2025 umepanda, na upande wa mfanyakazi ni asilimia 6, yaani 12,000. Zinabaki 164,000 kabla ya makato mengine madogo. Anayeitaka kazi husema, "Naomba laki mbili na nusu kabla ya makato, kwa kuwa nitapanga nyumba hapa mjini." Hata tukishindwa kumpa, tumeona anaweza kupiga hesabu. Wewe sema laki mbili, kisha siku ya mshahara ukasirike.

Nimeacha la mwisho lile linalofanya kazi kuliko yote, na nalisema bila mzaha mwingi kwa sababu linaniuma. Ficha mpaka.

Wasifu mwingi unaofika mezani kwetu una shimo la mwaka mmoja, miwili, mitatu baada ya chuo. Tukiuliza, jibu ni, "Nilikuwa natafuta kazi." Si kweli, na sote chumbani tunajua si kweli. Katika wilaya hii kijana mwenye diploma asiye na ajira hakai bure. Anavuka mpaka wa Kongo, Rusizi ya kwanza au ya pili. Ananunua nyanya, vitunguu na samaki wadogo waitwao sambaza, anapeleka Bukavu asubuhi, anarudi jioni. Anauza kwa faranga za Kongo na dola, ananunua kwa faranga za Rwanda, na lazima ajue kila asubuhi ni ipi imeshuka. Anakopesha watu ambao hana hati yao yoyote na wanamlipa. Anajua karatasi za forodha, anajua afisa gani anataka mhuri wapi, anajua la kufanya na ndoo tatu za samaki mpaka unapofungwa ghafla, kwa kuwa samaki hawasubiri wakubwa wapatane. Anaongea Kinyarwanda, Kiswahili na Kimashi cha kutosha kukataa bei. Huyo ndiye tunayemtafuta tunapoandika tangazo lenye maneno marefu kuhusu "uzoefu wa kusimamia fedha na wateja wa aina mbalimbali." Halafu anakuja amevaa suti ya kuazima, anatuambia alikuwa nyumbani.

Nimewahi kukaa kwenye jopo lililompoteza mmoja wa namna hiyo. Alikuwa amesoma uhasibu, amejibu kila swali kwa sifa za kwenye simu, alama zake za chini. Akiwa mlangoni, mzee mmoja wa jopo akamuuliza tu, kwa salamu, samaki leo bei gani. Akajibu kwa pumzi moja: bei ya pwani alfajiri, bei ya Kamembe, bei ya ng'ambo, kiasi kinachokauka njiani, na kwa nini siku za mbalamwezi faida hupungua, kwani wavuvi hutegemea taa na usiku mweupe samaki hawazifuati. Tukatazamana. Lakini kinachosemwa mlangoni hakiingii kwenye karatasi, na aliyepata kazi alikuwa mtu wa timu. Sijui kwa nini watu wanaionea haya ndoo. Hata huyo sambaza si mwenyeji. Aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hakuna aliyeajiriwa Rusizi akafanya kazi nzuri kuliko yeye.

Wanatuambia ofisi ina heshima yake, na ndoo ni aibu ya ukoo. Labda. Ila karatasi yetu haina nafasi ya heshima. Ina nafasi ya mahali, kiasi na matokeo.

Kwa hiyo, kama kweli huitaki kazi, acha shimo lako kama lilivyo, na ukiulizwa kama una swali lolote, uliza majibu yatatoka lini. Kama umebadili nia njiani, hapo Nyungwe, basi toa kalamu. Andika ile biashara juu ya diploma: ulinunua nini, ulivusha wapi, kwa mtaji kiasi gani, nani alikudai na ulimlipaje. Lala Kamembe. Na uje na kitambulisho chenyewe. Picha yake kwenye simu hatuipokei.