Mjomba, Gari na Mnazi

Mjomba wangu wa Malindi anaamini kwamba kila kitu ghali kina dawa ndani yake. Ndiyo maana Toyota yake ndogo, iliyoteremka melini Mombasa ikiwa imeshachoka, hainyweshwi super, petroli ya kawaida ya hapa Kenya. Hunyweshwa petroli ya daraja la juu, na mwenyewe hunywa chai ya rangi ili aokoe pesa ya maziwa. EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, ikitangaza bei mpya kila tarehe 14, yeye hashtuki: orodha ile ni ya super, dizeli na mafuta taa, vitu vya watu wa kawaida.

“Mpwa wangu, hii ina nguvu,” aliniambia karibu na Gede, huku tuktuk ya abiria watatu ikitupita.

Kinachoitofautisha petroli hiyo ni okteni, na okteni si nguvu. Ni kipimo cha uvumilivu: petroli yenye okteni kubwa hukubali kubanwa sana ndani ya silinda bila kujiwakia yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Injini yenye turbo huenda ikaihitaji. Ile ya mjomba haina habari nayo.

Jibu lenyewe lilikuwa nyuma ya kifuniko cha tangi, kwenye kibandiko cha Kijapani. Kijana wa pampu alisema ni onyo la moto. Fundi wa Kilifi, anayesifika kwa kusikiliza injini akiwa amefumba macho, akaapa kuwa ni jina la mwenye gari wa kwanza. Simu ya mtoto wa jirani ndiyo iliyotafsiri: petroli ya kawaida, isiyo na risasi. Huko Japani ya kawaida huanzia okteni 89, ya juu 96.

“Huyo Mjapani hajaiona njia ya Baricho,” mjomba akajibu.

Kisha akasikia kuhusu ethanoli. Kenya yenyewe iliwahi kuichanganya na petroli miaka ya 1980, ikitengenezwa Muhoroni kwa molasi ya miwa. Aliposikia kuwa ethanoli ni pombe, akaukazia macho mnazi wa uani. Nikamweleza kwamba tembo la mnazi sehemu kubwa ni maji, na maji hujitenga na petroli yakatulia chini ya tangi, palepale pampu inapovutia. Hakuelewa. Mkaza mjomba ndiye aliyemaliza mjadala: “Gari nalo likilewa, nani atakurudisha nyumbani?”

Cha kuogopwa hasa ni petroli iliyotiwa mafuta taa, uhuni uliofanya serikali iyatoze mafuta taa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Kwa hiyo, msomaji, fungua kifuniko chako, tafuta wa kukusomea, kisha ujaze super kwenye kituo unachokiamini. Kwa pesa itakayobaki, nunua plagi mpya.