Baba Katoweka, Wanawe Wamebaki

Mzee aliishika ankara kwa ncha za vidole, akainyanyua mbele ya wateja wake wote, akanisomea: "Anayedaiwa: Wanawe." Duka lake la vifaa vya ujenzi linaitwa kwa jina lake yeye, kisha "& Wanawe". Yeye katoweka. "Basi wafuate wanangu wakulipe," akasema, "mimi humu simo." Hata wabeba saruji walicheka.

Kwenye laptopu yangu, nilikoijaribia programu ya ankara, baba alikuwepo. Tatizo lipo kwenye kichanganuzi, yaani programu inayosoma faili la XML (data iliyofungwa kwa tagi, kama hii ya ankara) na kukukabidhi yaliyomo. Vile vya mtindo wa SAX, uliotoka 1998, mwaka uleule XML ilipoidhinishwa, havisubiri faili liishe. Vinasoma huku vinakupasha, kama mtu anayekusomea barua kwenye simu: tagi imefunguka, maandishi ni haya, tagi imefungwa. Raha yake, faili la gigabaiti nzima hupita kwenye kompyuta yenye kumbukumbu kiduchu. Karaha yake, kanuni inakiruhusu kichanganuzi kukupa maandishi kwa mkupuo mmoja au vipande vipande, kipendavyo. Na XML haitaki & isimame hivihivi; lazima iandikwe &amp;, na hapo ndipo Expat, kichanganuzi cha James Clark, hukata. Hutoa jina la mzee, halafu &, halafu Wanawe. Kwangu vipande vilikuwa vinakusanywa kwanza; kwenye kompyuta kuukuu ya dukani, hakuna wa kuvikusanya. Kila kipande kikafuta kilichotangulia, cha mwisho kikarithi duka.

Mengine yameshanipata. Internet Explorer za zamani zilitupa nafasi tupu kati ya tagi, Firefox ikazihesabu kuwa watoto halali. Baiti 3 zisizoonekana zikatangulia mwanzoni mwa faili, kichanganuzi kikagoma.

Ila hili la vipande linaniuma. Vichanganuzi vyote vimefuata sheria, kwa hiyo hakuna wa kumshtaki. Ukiuliza kwa nini mashine ya dukani haibadilishwi, unajibiwa, "Si inafanya kazi?" Inafanya kazi kwa sababu kuna mtu anakesha akiibembeleza, na saa hizo haziingii kwenye ankara yoyote.

Mnaouza mifumo, jaribuni kwanza kwenye mashine kuukuu kuliko zote za mteja, na faili liwe na & ndani. Nanyi wenye maduka, kuitunza mashine ya zamani kuna bei yake. Iulizeni.