Moshi Ulitoka Chini ya Kiti

Buti la Noah yetu liligombewa muda mrefu hapa nyumbani Musoma. Baba watoto alilitaka kwa spika zake mbili za inchi 12. Mimi nililitaka kwa magunia ya mihogo kutoka kwa mama mkwe Butiama na dagaa wa kupeleka kwa dada yangu Bunda. Mwisho tukakubaliana spika zibaki pembeni na amplifaya ihamie chini ya kiti cha nyuma, mizigo ipate nafasi yake. Tukaishi kwa amani hadi ilipofika sendi-ofu ya mtoto wa dada yangu, huko Bunda.

Umeme ulikatika ukumbini bibi harusi mtarajiwa akiwa ndiyo kwanza anaingia. Baba watoto hakusubiri kuombwa. Aliirudisha Noah kinyumenyume hadi mlangoni, akafungua buti, muziki ukaunguruma, shangwe zikaanza upya. Kina mama walikuwa wamepanga mstari wa kutoa vitenge pale sauti ilipokatika ghafla. Fyuzi ya ampea 30 imeungua. Akaweka nyingine, nayo ikaenda palepale. Kijana mmoja mwenye moyo wa kusaidia akaokota pakiti ya sigara, akaichuna karatasi yake ya fedha, akaizungushia fyuzi na kuirudisha. Badala ya muziki, chini ya kiti ukatoka moshi wenye harufu kali iliyokaa kwenye vitambaa vya viti kwa wiki nzima. Bibi harusi akapewa vitenge vyake kwa vigelegele na makofi, na alipendeza vilevile.

Ile fyuzi ya pili ilikuwa imeshatuambia kila kitu. Fyuzi ikiungua mara moja huenda imechoka tu, lakini mpya ikiungua sekunde ileile unapowasha, ujue kuna shoti. Karatasi ya fedha haiondoi shoti. Inaondoa mlinzi, na umeme wote wa betri unamwagika ndani ya kifaa.

Kesho yake tulipitia Butiama, baba watoto akiwa amenuna, amplifaya akiwa ameipakata. Njiani alisema ataiuza kwa wanunua vyuma chakavu. Mama mkwe ndiye aliyemkatalia. Bibi huyu amezeekea jirani na Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, na ni mtu wa redio tangu ujana. Novemba 1978 alimsikia Mwalimu akitangaza vita dhidi ya Idi Amin kupitia redio ya betri ambayo marehemu mume wake aliitengenezesha tena na tena. "Mura," alimwambia mwanawe, "kwanza fungua uone kilichoungua. Utatupaje kitu hujakijua ugonjwa wake?"

Basi tulipofika Musoma meza ya chakula ikageuka karakana. Binti yetu wa kwanza anasoma umeme VETA, na kazi aliichukua yeye. Alifungua skrubu za mfuniko wa chini, akatuita tuone. Upande mmoja umepangwa safu ya transista ndogo zinazopokea volti 12 za betri na kuzikatakata kwa kasi kubwa, ili transfoma ya duara iliyo katikati izipandishe. Upande wa pili ziko transista kubwa zinazosukuma spika. Katika safu ya kwanza, mbili zilikuwa zimepasuka usoni, na bodi chini yake imebadilika rangi kuwa kahawia, kama ukoko wa ugali. Alizigusa kwa mita, ikalia mfululizo. Akagusa na zile kubwa. Jozi moja nayo ikalia.

Hapo ndipo nilipojivunia mwanangu. Fundi mwenye haraka angebadilisha zile mbili zilizopasuka na kutudai pesa. Yeye alisema zile zimekufa mwisho, kwa sababu ya karatasi ya sigara. Kilichoanza kufa ni ile jozi inayosukuma spika, na lazima kuna kilichoiua.

Vipuri vikaagizwa Mwanza, vikaja na basi. Alibadilisha ile jozi kubwa, kisha safu nzima ya transista ndogo, kwa kuwa zile zilizopona nazo zilikuwa zimepitia joto lilelile, pamoja na rizista ndogo zinazozilisha. Kabla ya kuwasha alifanya jambo ambalo natamani kila fundi alifanye: aliunga balbu ya breki ya wati 21 kati ya betri na amplifaya. Kukiwa bado na shoti, balbu inawaka sana na kuubeba umeme wote, vipuri vipya vinasalimika.

Balbu ikawaka sana. Baba watoto akashika kichwa. Binti akazima, akafungua tena transista kubwa moja, na chini yake akakuta kile kipande chembamba cha maika kinachoitenganisha na chuma kimepata ufa. Alipokibadilisha, balbu ikamemeta mara moja na kufifia. Kisha akapima kwenye matundu ya spika: karibu na sifuri, kama inavyotakiwa. Umeme wa DC ukivuja hapo, koili ya spika inaungua.

Lakini hakutaka amplifaya ifungwe garini bado. Alikwenda kwenye gari, akanyanyua kiti cha nyuma, na pale reli ya kiti inapoteleza akakuta waya wa spika umesuguliwa hadi shaba inaonekana, inagusa bodi ya gari. Kila tulipolaza kiti kupakia mihogo, reli iliula waya kidogo kidogo. Tukaupitisha upya pembeni ndani ya bomba la plastiki, sehemu ya ethi ikapigwa msasa hadi chuma kikang'aa, ndipo amplifaya ikarudi. Safari iliyofuata mama mkwe alikaa kiti cha mbele, mlango wazi, akasikiliza taarifa ya habari yote.

Wewe mwenye spika kwenye gari, wikiendi hii nyanyua kiti chako cha nyuma, ufuate waya kwa mkono hadi mwisho. Na kwenye droo ya dashibodi weka fyuzi za akiba zenye ampea zilezile zilizoandikwa kwenye amplifaya.