Transfoma Isiyozeeka

Wanaowabeza wahasibu wa mashirika ya umeme hawajui ufundi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16 kinadai kwamba, angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu, mtu akae aulize mali imebakiza miaka mingapi ya kufanya kazi. Nao huuliza, ofisini, chini ya kiyoyozi, na mali hujibu vizuri sana.

Chukua transfoma ya shilingi milioni 40. Ukiiandikia umri wa miaka 40, uchakavu ni milioni 1 kwa mwaka. Iandikie 80: uchakavu unashuka hadi laki 5 na faida inapanda, bila kuuza hata uniti moja. Mganga gani amewahi kurefusha maisha kwa kalamu? Kwamba ile ya mtaani kwetu inavuja mafuta na kukoroma usiku kucha, hayo ni mambo ya macho; vitabuni bado ni bwana harusi.

Hekima kubwa zaidi iko kwenye miradi isiyokamilika. Mali haianzi kukatwa uchakavu mpaka iwe tayari kutumika, kwa hiyo kituo cha kupoza umeme kilichoota majani kinabaki kuitwa kazi inayoendelea, kipya kama siku ya jiwe la msingi. Kukimaliza ni kukizeesha bure.

Mita, maskini, thamani yake vitabuni ilifika sifuri zamani, lakini bado zinachapa kazi. Zikikosea, hukosea kwa kuzidisha.